Ahadi kwa Kilingala, masharti kwa Kifaransa

Jumamosi asubuhi mjini Kisangani, gari la matangazo hulisikia kabla hujaliona. Ni pikapu iliyobeba spika ndefu kumshinda mtu, vijana wawili waliovaa fulana za rangi moja wanacheza nyuma, na mtangazaji anayeijua kazi yake. Linapita Makiso, linaingia komini ya Tshopo, kisha linashika njia ya Mangobo. Sentensi moja kwa Kilingala, inayofuata kwa Kiswahili, ya tatu utani wa mtaani, halafu muziki. Watoto wanalikimbilia. Waendesha toleka wanapunguza mwendo wa baiskeli zao. Katika kelele yote hiyo hutasikia Kifaransa, ila jina la bidhaa na neno “promo”.

Sasa pokea karatasi wanayoigawa. Mbele kuna mwanamke anayecheka, simu mkononi, na tarakimu kubwa nyekundu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mbegu za lengalenga, kuna kinyota na mstari mmoja: “Offre soumise à conditions, dans la limite du stock disponible.” Kumbe Kifaransa kilikuwa kimejibanza hapo. Maana yake ni hii: yote uliyoyasikia barabarani yana masharti, na shehena ikiisha, ahadi nayo imeisha.

Nimelitazama jambo hili miaka mingi, na nimefikia kusadiki kwamba mnunuzi wa mji wetu hadanganywi sana kwa uongo mtupu. Uongo mtupu watu wanautambua, soko limewafundisha. Anadanganywa kwa mgawanyo wa lugha. Ahadi anapewa kwa lugha ya mama yake, kwa sauti, mchana kweupe. Sharti linaandikwa kwa lugha ya ofisi, kimya, chini ya karatasi. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Wafanyabiashara wamegawana lugha hizo kwa namna yao: za taifa ni za kukuvuta, ile rasmi ni ya kukufunga.

Na mtu asidhani ni shida ya wasiosoma peke yao. Mimi nasoma Kifaransa, na nimekwisha kuumia. Jumapili moja jioni nilihitaji kutuma vyeti vya mdogo wangu chuoni. Nikaenda kwenye kabini ya karibu, nikanunua mega za siku moja. “Ni za siku nzima, yaya,” kijana wa kabini akaniambia. Ilikuwa yapata saa moja ya usiku. Nikatuma nusu ya vyeti, umeme ukakatika, nikaamua kuendelea alfajiri. Alfajiri hapakuwa na hata mega moja. Ujumbe wa kampuni, ambao sikuufungua, ulisema: “valable jusqu'à 23h59”. Siku yangu niliyoihesabu mimi, ya saa 24, ilikuwa imedumu saa tano.

Yule kijana hakuniibia. Alilitamka neno “siku” kama tunavyolitamka sote. Ila siku ya Mswahili na siku ya kompyuta ya kampuni si kitu kimoja. Ya kwetu ikianza jioni inakwenda mpaka jioni nyingine. Ya kwao inakatwa saa sita za usiku, hata kama umeinunua saa tano na nusu. Tangu siku hiyo siulizi tena “ni ya siku ngapi?” Nauliza “inaisha saa ngapi?” Swali hilo moja limeniokolea franka nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Simu ndiyo duka kubwa kuliko yote Kisangani, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Neno la kwanza la kutiliwa mashaka ni “illimité”, yaani bila kikomo. Mara nyingi kikomo kipo, kimeitwa “usage équitable”, matumizi ya haki. Ukikifikia, intaneti haikatwi, inapunguzwa mwendo mpaka picha moja inafunguka kwa muda wa kupika wali. La pili ni “renouvellement automatique”: forfe inajinunua yenyewe kila inapokwisha, kwa kredi yako, mpaka uizuie kwa namba maalumu ambayo hukuambiwa. La tatu ni zile huduma za ujumbe, za mistari ya Biblia, matokeo ya mpira, nyota na mapenzi. Unaletewa ujumbe wa bure, unabonyeza 1 kwa udadisi, na kuanzia hapo kila siku yunite chache zinaondoka. Ni chache mno hata mtu anasingizia mtandao. Bibi mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto, alikuwa akiwagombeza wajukuu wake kwamba wanaipiga simu yake kwa siri. Walipoitazama, wakaona alikuwa amejiandikisha kwenye huduma tatu. Hakuna hata moja aliyojua kuisoma.

Kukatwa kidogo kidogo ndiko kukatwa kusikosikika. Nchi nzima ilijifunza hilo kwa RAM, rejista ya simu za mkononi iliyoanza kutozwa tarehe 24 Septemba 2020. Wenye simu za 2G walitozwa dola 1 kwa mwaka, wenye simu za 3G na 4G dola 7, kwa mafungu yaliyochomolewa kwenye kredi. Watu walielezwa kwamba ni huduma ya kuwalinda na simu bandia na za wizi. Mtu aliyeongeza kredi ya franka elfu mbili alikuta imepungua kabla hajampigia yeyote, halafu akaambiwa amehudumiwa. Vijana wa vikundi vya kiraia walipinga, wabunge wakamhoji waziri, malalamiko hayakukoma, na mwaka 2022 makato hayo yakaondolewa. Nalitaja kwa sababu mbili. Kwanza, lililofanywa na serikali lilikuwa tayari linafanyika kwenye biashara za kila siku, na linaendelea. Pili, makato yale yalikoma kwa sababu watu walitazama salio lao kabla na baada, wakaonyeshana ujumbe, wakasema tarakimu. Manung'uniko bila tarakimu hayamwondoi mtu kwenye kiti.

Ningependa kila shule ya sekondari ya mji huu ifundishe msamiati mfupi wa Kifaransa cha biashara, kile kinachokaa chini ya karatasi. “À partir de” ni “kuanzia”: bei unayoiona ni ya kitu kidogo kuliko vyote, ambacho pengine hakimo dukani. “Jusqu'à” ni “hadi”: punguzo la hadi nusu ya bei linaweza kuwa la kiatu kimoja, na vingine vyote vikapunguzwa franka mia tano. “Photo non contractuelle” inakuambia kwamba picha si ahadi. Friji uliyoonyeshwa na friji utakayopewa zinaweza zisijuane. “HT” ni bei kabla ya kodi, “TTC” ni bei ikiwa na kodi. Kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani nchini ni asilimia 16, kitu cha dola 100 HT kitakutoka dola 116 mezani. “Frais de dossier non remboursables” ni ada ya faili ambayo hairudi, hata ukikataliwa. Hiyo ya mwisho iandikwe kwenye ukuta wa kila nyumba yenye kijana anayetafuta kazi. Shirika la kweli linaloajiri halimtozi mwombaji pesa ya fomu, ya mafunzo, wala ya uchunguzi wa afya kabla ya kumwita kwenye mtihani. Tangazo likitaja malipo, kilichotangazwa ni biashara ya fomu, kazi haipo.

Kuna sentensi moja ya Kifaransa ambayo hata wasiojua Kifaransa wameikariri, kwa sababu imepigwa chapa chini ya karibu kila fakture ya mji huu: “Les marchandises vendues ne sont ni reprises ni échangées.” Kilichouzwa hakirudishwi wala hakibadilishwi. Umenunua redio, umeifikisha nyumbani Kabondo, hailii. Unarudi, muuzaji anakuonyesha sentensi ile kwa kidole. Wengi huinamisha kichwa na kuondoka, wakidhani ile ni sheria ya nchi.

Haiko hivyo. Sheria ya mikataba tunayoitumia ni dikrii ya tarehe 30 Julai 1888, iliyoandikwa enzi za Léopold II kwa kufuata kanuni za Ubelgiji na Ufaransa, na bado ndiyo inayotumika. Inamtaka muuzaji adhamini kasoro zilizojificha, zile ambazo mnunuzi asingeweza kuziona, na zinazokifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Anaweza kujikinga kwa maandishi ikiwa kasoro yenyewe hakuijua. Ila aliyeijua akanyamaza, hafichwi na sentensi yoyote ya chini ya fakture. Dikrii hiyo hiyo ina kanuni nyingine ninayoipenda zaidi: mkataba ukiwa na maneno yenye shaka, hufasiriwa kwa faida ya yule anayefungwa na wajibu, dhidi ya yule aliyeweka sharti. Yaani aliyeandika kwa mafumbo ndiye anayebeba hasara ya mafumbo yake. Kanuni hiyo ina zaidi ya miaka 130 katika ardhi hii na karibu hakuna mnunuzi anayeijua. Lakini dikrii hiyo pia inasema mkataba uliofungwa kihalali ni sheria kwa waliofunga. Ndiyo maana sahihi yako ni kitu kizito, na “nilitia sahihi tu bila kusoma” ni utetezi dhaifu mbele ya hakimu.

Mikopo inaonyesha jambo hili kwa hesabu. Tuseme bango linatangaza “mkopo kwa asilimia 5 tu”. Mama muuza samaki anachukua dola 200 kwa miezi sita. Asilimia 5 ile ni ya kila mwezi, na inahesabiwa juu ya dola 200 za mwanzo hata pale anapokuwa amekwisha kurudisha nusu. Faida ni dola 10 kwa mwezi, jumla 60. Siku ya kupokea, wanamkata dola 4 za faili na dola 40 za akiba ya dhamana atakayorudishiwa mwishoni. Mkononi anaondoka na dola 156. Kwa miezi sita atalipa 260, kisha atarudishiwa zile 40. Kwa hiyo ametoa dola 220 kwa ajili ya 156 alizozitumia kweli: gharama ya dola 64, zaidi ya asilimia 40 ya alichokishika, kwa nusu mwaka. Kila neno la bango lilikuwa kweli. Asilimia 5 ilikuwapo. Kilichokosekana ni maneno mawili, “kwa mwezi”, na jibu la swali ambalo kila mkopaji anayo haki ya kuliuliza kabla ya kugusa kalamu: nitaondoka hapa na ngapi mkononi, na nitakuwa nimerudisha ngapi mpaka siku ya mwisho? Afisa asiyetaka kuziandika tarakimu hizo mbili kwenye karatasi, muage kwa adabu.

Hesabu nyingine iko kwenye dola yenyewe. Maduka mengi huandika bei kwa dola, nasi tunalipa kwa franka. Kiwango cha kubadilisha ndicho sharti lisiloandikwa popote. Mbadilisha pesa wa kona anahesabu dola moja kwa franka 2.300, duka linahesabu kwa 2.500: kitu cha dola 40 kimekuwa franka 100.000 badala ya 92.000, na hizo 8.000 hazikuwa kwenye tangazo lolote. Mwaka 2025 tuliona wazi. Franka ilipopata nguvu ghafla kuelekea Oktoba, kutoka zaidi ya 2.800 kwa dola hadi chini ya 2.500, maduka mengine yalikawia kushusha viwango vyao, yale yale ambayo hupandisha siku hiyo hiyo dola inapopanda. Banki Kuu ya Congo hutangaza kiwango chake. Kitazame kabla ya kutoka nyumbani, na uliza kiwango cha duka kabla ya kuuliza bei.

Juu ya dawa nitasema machache, si kwa kuwa ni jambo dogo. Kuna vipaza sauti vidogo vinavyorudia sauti ile ile iliyorekodiwa, kutwa nzima, juu ya chupa moja inayotibu malaria, tumbo, shinikizo la damu, mgongo na nguvu za kiume. Magonjwa hayo hayana sababu moja, hayawezi kuwa na chupa moja. Tafuta kwenye pakiti jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho na namba ya kibali cha kuuzwa nchini. Pasipo na hivyo, tangazo hilo linacheza na uhai.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi vizuri navyo vinajitembeza, la sivyo havitaonekana, kwa hiyo methali peke yake haitoshi kutulinda. Inatubidi tujue dalili za kile kibaya, na kibaya kuliko vyote ni tangazo la pesa zinazozaa pesa.

Wazee wanaokumbuka miaka ya 1990 na 1991 wanalijua jina la Bindo. Kinshasa, kampuni ya Michel Bindo, Bindo Promotion, ilikusanya pesa za watu kwa ahadi ya kuzizidisha mara kadhaa baada ya muda mfupi. Nyingine zikaiga, Nguma na Masamuna zikiwemo. Watu waliuza magari na viwanja wakaweka. Wa kwanza walilipwa kweli, na walipolipwa, mji mzima ukaamini. Mwaka 1991 jengo lote likaporomoka, na walioweka mwisho hawakuona kitu. Tanzania ilipita njia hiyo hiyo na DECI, iliyowaambia watu “wapande mbegu” ili wavune, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009; waliokuwa wakiiongoza walikuwa wachungaji. Leo hakuna ofisi wala foleni. Kuna kundi la WhatsApp, programu ya simu, jina la Kizungu, na picha za watu wanaoonyesha ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money kwamba wamelipwa.

Kinachowashinda wengi ni hapo: jirani yangu amelipwa, nimeona kwa macho yangu, itakuwaje uongo? Jirani anasema kweli. Amelipwa kwa pesa ya aliyeingia baada yake, nawe unaitwa ili ulipe anayefuata. Shahidi ni wa kweli na tangazo ni la uongo, na ukweli wa shahidi ndio unaouza uongo wa tangazo. Linganisha na likelemba ya akina mama wetu. Kumi wanaweka dola 10 kila wiki, mmoja anachukua 100, wiki ijayo mwingine. Mwisho wa mzunguko hakuna aliyepata hata dola moja zaidi ya alizoweka, kila mmoja anamjua mwenzake mpaka mlango wa nyumba, na sharti lote linasemwa kwa dakika moja, kwa Kiswahili. Anayekuahidi zaidi ya likelemba akueleze ziada inatoka kwenye shamba gani, duka gani, mzigo gani. Jibu likiwa “mfumo”, hifadhi pesa yako.

Je, tangazo linaweza kumfunga aliyelitoa? London, mwaka 1891, kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza gazetini kwamba mtu akitumia kifaa chake cha kuvuta moshi kama ilivyoelekezwa, halafu akaugua mafua makali, atalipwa pauni 100. Na ili kuonyesha haitanii, ilisema imeweka pauni 1.000 benki. Bi Louisa Carlill alikitumia majuma kadhaa, akaugua, akadai. Kampuni ikajibu kwamba lile lilikuwa tangazo tu, maneno ya kupamba. Desemba 1892 Mahakama ya Rufaa ikaamua alipwe: aliyetoa ahadi kwa umma, na mtu akatimiza sharti lake, amefungwa nayo. Sheria zetu hazitokani na za Waingereza, lakini siri ya ushindi wa mama yule ni ya kila mahali. Alikuwa na gazeti na tarehe, akaweza kuthibitisha siku alizokitumia.

Kwa hiyo ukipewa ahadi, ihifadhi. Karatasi ya promo usifungie karanga. Ujumbe wa kampuni usiufute. Bango lipige picha pamoja na ule mstari wa chini. Mtangazaji akipita na ahadi kubwa, rekodi sekunde thelathini. Risiti idai, na neno lolote la mdomo, “garanti miezi sita, papa, usiogope”, liandikwe juu ya risiti hiyo kwa mkono wa aliyelisema. Utaona jinsi miezi sita inavyogeuka miwili kalamu inapotokea. Ni heri uone hapo.

Ukiumia, mlango wa kwanza ni wa aliyekuuzia, kwa maandishi na nakala. Mambo ya simu yakishindikana kwenye ofisi ya kampuni, yanakwenda ARPTC, mamlaka ya posta na mawasiliano iliyoundwa kwa sheria za 2002. Bidhaa mbovu ni kazi ya OCC, Ofisi ya Udhibiti ya Congo. Bei zisizoonyeshwa ni za divisheni ya uchumi ya jimbo. Bei nyingi nchini ni huru, lakini muuzaji analazimika kuziweka wazi kwa mnunuzi, na sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani ndiyo ya kutajwa mezani. Matangazo ya redio na televisheni yako chini ya CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari. Biashara ya mtandaoni imewekewa Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Na aliyechukua pesa yako kwa hila, jina bandia au kampuni isiyokuwepo, huyo ni wa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka: kifungu cha 98 cha sheria ya jinai kinaadhibu utapeli kwa kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka mitano. Safari hizo ni ndefu, na nauli ya motari inaweza kuzidi kilichopotea. Ndiyo sababu walioumizwa na jambo moja waende pamoja, watu kumi na faili moja.

Sisi waandishi tuna sehemu yetu ya lawama, na si ndogo. Redio za mji huu zinaishi kwa matangazo, na mishahara ni ya taabu. Mwandishi anapewa “coupage”, yaani pesa ya mkononi, anaandika habari ya kumsifu mfanyabiashara, na msikilizaji anaipokea kama habari. Hilo ndilo sharti lililofichwa kuliko yote: kwamba aliyesema amelipwa aseme. Kila kipindi kilicholipiwa kitajwe kuwa kimelipiwa, mwanzo na mwisho. Kituo kisichofanya hivyo kinamsaliti mama anayekiamini.

Nina hofu moja mahususi kwa Kisangani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, tarehe 9 Februari 2022, iliiamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa maovu ya vita, na mfuko wa kuwalipa waathirika, FRIVAO, umewekewa makao hapa hapa mjini, palipopigwa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000. Watu wamesubiri zaidi ya miaka ishirini. Mtu anayesubiri namna hiyo ni rahisi kumtangazia chochote. Akija mtu nyumbani, mwenye kofia ya ofisi na fomu mkononi, akidai franka ili aingize jina lako kwenye orodha au alisogeze juu, muulize risiti ya ofisi na barua ya kumtuma, na usimpe kitambulisho chako kikaondoka naye.

Kenya inatuonyesha kwamba si lazima mzigo wote ubebwe na mnunuzi. Mwaka 2016 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo iliagiza benki na kampuni za simu zimwonyeshe mteja gharama ya muamala kwenye simu yake kabla hajathibitisha. Kompyuta zilizoweza kukata pesa ziliweza pia kusema zitakata ngapi. Hapa petu, kampuni zinazoweza kutunga wimbo wa promo kwa Kilingala na Kiswahili haziwezi kutuambia kwamba zimekosa wa kutafsiri mstari mmoja wa masharti. Naiomba ARPTC na CSAC ziweke kanuni ya neno moja: lugha iliyotumika kuahidi ndiyo itumike kueleza masharti, kwa sauti ile ile, kwa herufi zinazosomeka na macho ya bibi.

Mpaka kanuni hiyo ije, tunayo midomo. Jumamosi ijayo gari litakapopita kwenu, pokea karatasi, geuza mpaka chini, na mwombe kijana aliyekupa akusomee mstari wa mwisho kwa Kiswahili, mbele ya wote waliosimama.